Taylor Swift Alihama Kantri na 'Red', na Hii Stori Inahusu Kitale na Bungoma Kuliko Unavyodhani

Panda mathree ya Kitale kuelekea Bungoma Jumapili asubuhi, ile ya kupitia Kiminini na Kamukuywa, na usishangae dere akiwa ameweka Kenny Rogers. Hakuna mtu ataitisha abadilishe. Mathe wa kiti cha mbele anajua mistari yote, konda anapiga mluzi, na wasee wa koleji huko nyuma wanajifanya hawaskii lakini mguu unagonga sakafu polepole. Huku kwetu kantri tulishaacha kuiita muziki wa wazungu. Ni muziki wa mbuyu, wa harusi, wa matanga, wa baa ya wazee na wa redio ya jikoni.

Sasa jiulize. Msanii wako wa kantri, yule umemfuata tangu albamu ya kwanza, anadondosha albamu mpya. Unabonyeza ngoma ya nne, gitaa inaanza fiti, halafu ikifika korasi besi inatetemeka kama nganya ya Rongai. Unafanya nini? Unazima? Unasema ameuza roho? Ama unaskiza mpaka mwisho?

Hiyo ndio kitu mafan wa kantri walipata Oktoba 2012, Taylor Swift alipotoa 'Red'. Nataka tuivunje hii albamu pole pole, kwa sababu ndani yake kuna somo kwa kila msee wa Trans Nzoia na Bungoma mwenye ako na gitaa, ako na daftari ya nyimbo, na anaogopa kuguswa na sauti mpya ndio asiambiwe amepotea.

'Red' ilikuwa nini hasa

Taylor wa sai, yule wa kujaza stediamu na tiketi kuuzwa bei ya ng'ombe wa gredi, hakuanza hivyo. Alianza kama msichana wa gitaa, buti na nywele za kujikunja. Akiwa na miaka 14 familia yake ilihamia karibu na Nashville, jimbo la Tennessee. Nashville kwa kantri ni kama Kitale kwa mahindi: kila mtu ni mkulima, na kila mtu anajua bei. Albamu yake ya kwanza ilitoka 2006 akiwa na miaka 16. Ya pili, 'Fearless' ya 2008, ikampea Grammy ya albamu ya mwaka. Ya tatu, 'Speak Now' ya 2010, aliandika ngoma zote za toleo la kawaida peke yake, kwa sababu kulikuwa na maneno ati kuna mtu anamwandikia.

Kufika hapo alikuwa amejithibitisha. Angeweza kurudia ile ile mpaka astaafu. Badala yake akafungua mlango.

'Red' ilitoka tarehe 22 Oktoba 2012 ikiwa na ngoma 16. Prodyusa wake wa tangu mwanzo, Nathan Chapman, alibaki ndani. Lakini safari hii Taylor aliita watu wapya, na wawili kati yao ndio walileta kelele yote: Max Martin na Shellback, maprodyusa kutoka Sweden. Max Martin ndiye mtu alikuwa nyuma ya ngoma kubwa za Britney Spears na Backstreet Boys. Yaani ni fundi wa pop, sio wa kantri. Pamoja na Shellback alishika ngoma tatu tu kati ya 16, lakini hizo tatu ndio kila mtu alikuwa anabonga kuzihusu.

Skiza albamu kwa mpangilio na utaona venye inatembea. "State of Grace" inafungua na gitaa za umeme na drams nzito, kama bendi ya roki iliyozoea viwanja vikubwa. Ngoma yenye jina la albamu ina banjo, ile ala ya kantri kabisa, lakini sauti yake imekatwakatwa na kompyuta. "I Knew You Were Trouble" ndio ile ya besi ya kutetemeka. Huo mtindo unaitwa dabstep, na ulizaliwa kusini mwa London. "22" ni pop ya kuruka na mbogi yako. "Everything Has Changed" ameimba na Ed Sheeran, magitaa mawili yametulia. Halafu kuna "I Almost Do" na "Begin Again", ambazo ni kantri ya kawaida, ile ungeweka kwa gari na mbuyu asiseme kitu.

Wiki ya kwanza albamu iliuza zaidi ya kopi milioni 1.2 Marekani peke yake. Na "We Are Never Ever Getting Back Together", moja ya zile tatu za Max Martin na Shellback, ikawa ngoma yake ya kwanza kabisa kufika namba 1 kwa chati kubwa ya Billboard Hot 100.

Lakini lawama zilikuja pia. Wakosoaji kadhaa walisema albamu haijui inaenda wapi. Wa kantri walisema ni pop iliyovaa kofia. Taylor mwenyewe alieleza baadaye, 2021, kwamba hata yeye anaiona imetapakaa, na kwamba ilikuwa hivyo kwa sababu mtu aliyevunjwa moyo hutapakaa. Leo analia, kesho anacheka, keshokutwa anakasirika, na kila siku inataka sauti yake.

Kama umewahi kuachwa, unajua hiyo ni ukweli mtupu.

Kitu moja haikubadilika

Hapa ndipo watu wengi hukosea wakibonga kuhusu msanii "kuhama". Wanaangalia nguo za wimbo: hapa kuna banjo, hapa hakuna, hapa kuna kompyuta, hapa kuna fidla. Hawaangalii mwili.

Mwili wa kantri ni stori. Mtu fulani, mahali fulani, kitu kidogo kimetokea na kimemuuma. Skiza "All Too Well" kwa hii albamu. Ni ngoma ndefu ya taratibu, aliyoandika na Liz Rose, mwandishi wa Nashville mwenye alikuwa ameandika naye tangu albamu ya kwanza. Kuna skafu iliyosahaulika kwa nyumba ya dada ya mwanaume. Kuna watu wanacheza jikoni usiku. Hakuna kitu kikubwa kimetendeka, lakini ukimaliza unahisi umeishi na hao watu.

Sasa chukua hiyo njia ya kuandika uipeleke kwa ngoma ya dabstep. Bado ni yeye. Bado kuna mtu, kuna kosa, kuna aibu. Besi imeongezeka tu. Ndio maana mafan wengi walilalamika wiki moja halafu wakabaki. Walikuwa wamefuata kalamu, na kalamu haikuwa imeenda popote.

Miaka miwili baadaye, 2014, alitoa '1989' na kusema wazi hii sasa ni albamu ya pop. Bila 'Red' hiyo ingekuwa kama mtu kuruka kutoka Kitale hadi Mombasa bila kupitia Nairobi. 'Red' ilikuwa stejini katikati, mguu mmoja kwa kila gari.

Kantri safi haijawahi kuwepo

Wazee wa kofia wakikuambia kantri ya kweli haichanganywi, waulize swali rahisi: ilichanganywa lini mara ya kwanza?

Banjo yenyewe asili yake ni Afrika. Ilitengenezwa na Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari, wakikumbuka ala za nyuzi za Afrika Magharibi. Jimmie Rodgers, mtu anaitwa baba wa kantri, alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi na alijifunza blues kwa watu weusi. Tarehe 16 Julai 1930 alirekodi "Blue Yodel No. 9" huko Los Angeles, na mtu anapuliza tarumbeta kwa hiyo rekodi ni Louis Armstrong, mfalme wa jazz, na kwa piano ni Lil Hardin Armstrong. Huyo ni baba wa kantri, na tayari yuko na jazz studio.

Na huyo Jimmie Rodgers ndiye anatuunganisha sisi na hii stori. Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey alikuwa anazunguka Bonde la Ufa akirekodi nyimbo. Kule Kapkatet, Kericho, wasichana wa Kipsigis wakamwimbia wimbo kuhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers! Santuri zake zilikuwa zimefika kijijini zikichezwa kwa gramofoni, na jina likapita kwa ulimi wa Kikalenjin likatoka hivyo. Kwa huo wimbo Chemirocha amekuwa nusu mtu, nusu swara. Wasichana hawakumkopi. Walichukua jina, wakachukua mshangao wa kuskia sauti ikitoka kwa sanduku, wakaweka kwa kinubi chao na lugha yao. Miaka 17 tu baada ya Rodgers kufariki, kantri ilikuwa imepata tawi Kenya, na tawi lenyewe halikufanana na mti.

Hata zile ngoma mbuyu anaita kantri safi zilikuwa zimevuka mpaka. "Lady" ya Kenny Rogers ya 1980 iliandikwa na Lionel Richie, msee wa soul kutoka The Commodores. "Islands in the Stream", ile Kenny aliimba na Dolly Parton 1983, iliandikwa na Bee Gees, wale wale wa disko. Kwa hiyo kila mara unaskia hiyo duet kwa harusi pale Kanduyi, unaskia watu wa disko. Na hakuna mjomba amewahi kutoka hemani kwa hasira.

Nani anaruhusiwa kuvuka?

Hapa stori inakuwa na makali kidogo, kwa sababu mlango haufunguki sawa kwa kila mtu.

Mwezi ule ule wa 'Red', Oktoba 2012, Billboard walibadilisha hesabu ya chati yao kubwa ya kantri. Kabla ya hapo walihesabu redio za kantri tu. Sasa wakaanza kuhesabu pia ngoma zinazonunuliwa mtandaoni, zinazoskizwa mtandaoni, na zinazochezwa na redio za aina zote, hata za pop. Ngoma ya Taylor ya pop ikapanda mara moja hadi namba 1 ya kantri. Redio za kantri zilikuwa zimetumiwa hata toleo lake lililobadilishwa kidogo ndio liskike kama la kwao.

Sasa ruka hadi 2019. Lil Nas X, kijana mweusi kutoka karibu na Atlanta, anavuma na "Old Town Road". Kuna farasi, kuna kofia, kuna banjo, na chini yake kuna biti ya trap. Ikaingia chati ya kantri, halafu Billboard wakaitoa, wakisema haina vitu vya kutosha vya kantri ya sasa. Watu wakauliza: kwa nini mmoja alibebwa na sheria mpya, na mwingine akatolewa? Lil Nas X akamwita Billy Ray Cyrus, msanii wa kantri wa kitambo, wakafanya rimiksi, na hiyo ngoma ikakaa namba 1 ya Hot 100 wiki 19.

Beyoncé naye akaja na 'Cowboy Carter' Machi 2024, kutoka upande wa pili wa mpaka. Akamweka ndani Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwa jukwaa la Grand Ole Opry, na mwenye tasnia ilikuwa imemsahau kwa miongo. Februari 2025 albamu hiyo ikashinda Grammy ya albamu ya mwaka na ya albamu bora ya kantri.

Nini maana yake kwa msee wa Kitale? Ukiskia mtu anasema "hii sio kantri", skiza vizuri ni nani anasema, na ni nani anaambiwa. Mara nyingi hukumu haihusu sauti.

Huku kwetu walivuka kitambo

Usidhani haya ni mambo ya Nashville tu. Magharibi ya Kenya tuko na muziki wetu wa gitaa kavu unaoitwa omutibo. Msee anachuna nyuzi kwa vidole viwili, gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba, na pembeni kuna mtu anagonga chupa ya Fanta. Mfalme wake alikuwa George Mukabi wa Kisa, Kakamega, aliyefariki 1963. Ukiskia omutibo halafu uskie kantri ya zamani ya gitaa moja, utaelewa kwa nini wazee wetu waliipenda kantri bila kufunzwa na mtu. Masikio yalikuwa tayari. Mtu mmoja, gitaa moja, stori ya kwao.

Na omutibo nao ulipata 'Red' yake, miaka 20 kabla ya ile ya Taylor.

Abana ba Nasery, yaani watoto wa nasari, ni watatu kutoka Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Waliitwa hivyo kwa sababu walianza wakiwa wadogo sana. Miaka ya 60 walirekodi kwa magitaa na chupa. Baadaye, watu walipoanza kutaka sauti ya umeme, hawakulia kwamba dunia imeharibika. Walichomeka gitaa kwa stima na kurekodi kwa jina lingine, Super Bunyore Band. Walikuwa na kofia mbili, na zote zilikuwa zao.

Halafu 1992 lebo ya GlobeStyle ya Uingereza ikatoa albamu yao 'Nursery Boys Go Ahead!'. Kwa hiyo albamu wamecheza na wanamuziki wa Ulaya, wakiwemo wa bendi ya 3 Mustaphas 3. Hebu fikiria: wazee wa Bunyore na chupa yao ya Fanta, wamekaa na watu wa Ulaya na ala zao. Ukiiskiza, haikuchanganyi akili. Unajua mara moja hawa ni Waluhya na wanaimba mambo ya kwao. Wageni wamekaribishwa sebuleni, lakini funguo ya nyumba iko na mwenyewe.

Kuna Daudi Kabaka pia. 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ilichukua "Helule Helule" yake ikaiimba na ikaingia chati za kule. Kalamu ya Mluhya ilivuka bahari, ikavaa suti ya pop ya Uingereza, na bado ni wimbo wake.

Kalamu ni shamba

Tufike kwa doo, kwa sababu hapo ndipo wasee wengi wa gitaa huumia.

Trans Nzoia watu wanaelewa kukodi shamba. Unalipa kwa mwaka, unapanda mahindi, unapalilia, unavuna, unauza. Mwaka ukifika mwenye shamba anarudi. Ulichokula ni ulichovuna, basi. Kuimba ngoma za Don Williams kwa baa kila Ijumaa ni hivyo hivyo. Utalipwa usiku huo, utashangiliwa, utanunuliwa moja baridi. Lakini ukiweka hiyo video mtandaoni, pesa za matangazo zinaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Umelima shamba la mtu.

Dolly Parton alielewa hii mapema. Alitoa "I Will Always Love You" mwaka wa 1974, na Elvis Presley akataka kuirekodi. Meneja wa Elvis akasema sawa, lakini tupewe nusu ya haki za wimbo. Dolly alikataa. Alilia, lakini alikataa. 1992 Whitney Houston akaiimba kwa mtindo wa soul, ikalipuka dunia nzima, na mirabaha ya uandishi ikaenda kwa Dolly. Wimbo ulibadilisha nguo kabisa, lakini hati ya shamba ilikuwa na jina lake.

Taylor alijifunza kwa njia ngumu zaidi. Kwa wimbo mmoja kuna vitu viwili. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na melodi. Na kuna masta, yaani ile rekodi iliyofanywa studio. Masta za albamu zake sita za kwanza zilikuwa za lebo. 2019 lebo iliuzwa, na masta zikaenda nayo bila yeye kupenda. Mwaka uliofuata zikauzwa tena. Lakini nyimbo zenyewe ameziandika, kwa hiyo hakuna mtu angemzuia kuzirekodi upya baada ya muda wa mkataba kuisha. Tarehe 12 Novemba 2021 akatoa 'Red (Taylor's Version)', ngoma 30. Ile "All Too Well" ikarudi ikiwa na dakika 10 nzima, na ikafika namba 1 ya Hot 100, wimbo mrefu kuliko wote kuwahi kufika hapo. Mei 2025 akanunua masta zake za zamani.

Ona hiyo vizuri. Ngoma iliyompa ushindi mkubwa haikuwa ile ya besi ya Sweden. Ilikuwa ile ya skafu na jikoni.

Na huku Kenya sheria iko upande wako kuliko unavyofikiria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, wimbo uliotunga ni wako tangu uliporekodiwa ama kuandikwa, hata kama ni kwa simu. Haki hiyo inakaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kusajili kazi na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni kukupa ushahidi siku mtu akikuibia. Kwa hiyo studio ikikuwekea karatasi usaini, uliza swali moja kabla ya kushika kalamu: nauza rekodi, ama nauza wimbo? Hizo ni bei mbili tofauti.

Sasa wewe na gitaa lako

Kenya iko na majina ya kantri yanayojulikana. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, amefanya watu wengi wakubali kwamba Mkenya anaweza kusimama na kofia na kuimba hii kitu bila kuchekwa. Esther Konkara naye amefungulia wasichana njia. Kofia tumeshakubaliwa. Kile kimebaki ni ile hatua ya 'Red': kufungua mlango na kuona nani anaingia.

Kama uko Kitale, Kiminini, Webuye ama Chwele na unaandika, mambo ni haya.

Kwanza, anza na stori yako kabla ya sauti. Bei ya mahindi imeanguka na fees ya mtoto haijalipwa. Msichana wa Kibabii alienda Gulf kufanya kazi na simu imenyamaza. Kaka wawili hawaongei kwa sababu ya mpaka wa shamba. Hizo ni kantri kuliko farasi wowote, na hakuna mtu wa Nashville anaweza kukuandikia.

Pili, angalia jirani kabla ya kuangalia Sweden. Litungu iko Bungoma, na wazee wenye wanajua kuichuna bado wako. Omutibo uko njiani tu ukishuka Kakamega. Ukiweka litungu penye mwingine angeweka banjo, hujaharibu kitu. Umefanya vile wasichana wa Kapkatet walifanya na Chemirocha.

Tatu, usihamie kila kitu siku moja. Hesabu ya 'Red' ilikuwa na akili: prodyusa wa zamani alibaki, ngoma tatu tu ndio zilienda kwa mafundi wa pop, na ndani kulikuwa na kantri ya kutosha kwa wenye walikuja na wewe. Ukitoa ngoma tano, acha mbili zijaribu gengetone ama biti ya drill ukitaka. Hizo zingine ziwe nyumbani.

Nne, lugha. Hakuna sheria inasema kantri ni ya Kiingereza cha puani. Kibukusu kina maneno ya uchungu yenye Kiingereza hakijawahi kuskia, na Sheng iko na maneno ya kuachwa zaidi ya ishirini, wewe mwenyewe unajua.

Watasema umepotea, hiyo usitarajie kukwepa. Mzee fulani kwa baa atakuambia Jim Reeves hakufanya hivyo. Muitikie mulembe, mnunulie soda, halafu siku wimbo wako ukichezwa kwa ile mathree ya Jumapili, angalia mguu wake.